Sote Hatujambo, Hofu ni Kwako

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na swali lililonikosesha raha lilikuwa chini kabisa, mahali ambapo huwekwa mambo madogo madogo. Liliuliza hivi: akifariki mtu wako wa karibu ukiwa safarini, uambiwe hukohuko au usubiri mpaka urudi? Visanduku viwili. Mdogo wangu wa kike aliijaza juu ya meza ya jikoni kwetu Harrow, mkono mmoja una kalamu, mwingine una kitumbua. Alipofika hapo hakusita. Alitia alama kwenye kisanduku cha pili.

Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kule chini ya bahari mtu hatoki kwa ajili ya msiba. Huna pa kwenda. Utaendelea kukaa mbele ya vipimo vyako, akili ikiwa kwingine, na nyuma yako wamelala watu wanaokutegemea. Kisha akaweka kalamu chini na kugeukia Kiswahili, na hapo nikajua kwamba hatanii.

"Ila usinidanganye, kaka. Kama huwezi kusema, usiseme. Uongo sitaki."

Nikakubali. Watu wake wa karibu walikuwa wamebaki wawili tu: mimi mwenyewe, na bibi yetu mzaa mama, aliyekuwa Tanga na ambaye kwa sauti yake ya simu ungedhani atatuzika sisi.

Baba alitutoka tukiwa na miaka michache tu Uingereza. Mama alipoanza kuugua nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliacha shule nikaingia ghalani Hayes, karibu na uwanja wa ndege, kupanga maboksi, nikimwambia mwalimu kwamba nitarudi baada ya muda. Mama alipofariki nilikuwa nimetimiza kumi na minane, na mdogo wangu alikuwa na tisa. Mama wa ustawi wa jamii alikuja mara nyingi, akafungua friji yetu, akatazama kitanda cha mtoto, akaniuliza maswali kwa upole kama anayempima mgonjwa. Mwisho aliniachia mtoto. Tangu siku hiyo sikuwahi kuchelewa kazini wala kuchelewa kumchukua shuleni. Shule sikurudi. Kiingereza changu ni cha ghalani: nakisema haraka, lakini nikikiandika kinapinda.

Yeye alisoma. Alipenda hesabu na mashine, na alipofika umri wa kuchagua alichagua jeshi la majini. Nilidhani atakuwa kwenye meli yenye sitaha na upepo. Akaniambia hapana, ni nyambizi, inaendeshwa kwa nyuklia na inabeba makombora ya kruzi, na kazi yake ni upande wa kinu, kinachotoa joto la kuendesha chombo kizima.

Nilimpigia bibi nikamweleza kwamba mjukuu wake anafanya kazi kwenye kinu. Bibi akauliza wanatwanga nini.

"Hawatwangi kitu, bibi. Ni kinu cha nyuklia. Ni kama jiko."

"Basi ungesema jiko. Jiko la chini ya maji?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwambie asiliache peke yake."

Mimi ni mtu ambaye nikiogopa kitu lazima nikijue. Basi nilianza kuijua ile nyambizi. Siku zangu za mapumziko nilikwenda maktaba, na nilichokosa maktaba nilimuuliza jirani.

Jirani yetu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tanga. Nyumba yake na hii ambayo sisi tumepanga ghorofa ya juu zinachangia ukuta mmoja, na akiwasha redio yake tunaisikia. Alihama na wazazi wake akiwa kijana, na Kiswahili chake kimebaki vilevile alivyoondoka nacho, safi, hakina neno hata moja la siku hizi. Nilipomwambia mdogo wangu amekwenda wapi, alicheka mpaka akakohoa. Kumbe maisha yake yote ya kazi alikuwa mchoraji kwenye kiwanda cha nyambizi huko kaskazini.

"Usinitazame hivyo, bwana mdogo," alisema. "Watu wakisikia nyambizi wanadhani nilichora makombora. Mimi nilichora bomba la maji ya choo. Miaka minne, bomba moja. Kila nikilimaliza, anakuja mtu anasema, lisogeze kidogo, hapa patapita waya."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba wachoraji wa nyambizi hawakuanza kwa kuchora meli, walianza kwa kuondoa kelele. Chombo kinachosikika kimekwisha kufa, alisema. Ndiyo maana mashine zake zimekalia mito ya mpira ili mtetemo usifike kwenye chuma. Ndiyo maana ngozi yake yote ya nje imebandikwa vigae vya mpira, kimoja kimoja, kwa mikono ya watu. Nyuma hakuna pangaboi la wazi kama la meli. Limefichwa ndani ya kitu kama pipa lisilo na vifuniko. Kinu kinachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, na mafuta ya kinu hicho hutiwa mara moja tu, wakati wa kujenga, kisha hufungwa kwa matumaini kwamba yatatosha mpaka chombo kistaafu. Hewa wanaitoa kwenye maji ya bahari. Maji ya kunywa vilevile. Kinachoisha ni chakula.

"Kwa hiyo wakiwa na chakula cha kutosha hawatoki?" nilimuuliza.

"Watoke waende wapi?" alisema mzee.

Kwenye maktaba nikasoma maisha ya chombo chenyewe. Kilianza kuchorwa kwa ajili ya adui mmoja, na nchi ya adui huyo ikavunjika hata kabla chuma cha kwanza hakijakatwa. Michoro ikarudishwa mezani. Mafundi waliojua kazi walikuwa wamestaafu, waliobaki wakajifunza upya kwa kukosea, na miaka ikapita nyambizi ikiwa vipande vipande ndani ya banda kubwa kuliko ghala letu. Hatimaye ikavutwa nje, ikavunjiwa chupa ya uzinduzi, ikapelekwa Uskoti kujaribiwa. Ilifunga safari chini ya barafu. Ilikwenda bahari za joto ambako mitambo ya kupoza hewa ilihangaika. Na safari moja, kabla mdogo wangu hajajiunga, ilifyatua makombora yake. Yanatoka kwenye mirija ileile inayorusha torpedo, yale mabomu ya majini, yanapasua maji, yanakunjua mabawa madogo, kisha yanaruka chini chini yakifuata ardhi kama ndege inayotafuta mtaa. Habari za siku ile nilizitazama kwenye televisheni ya kantini huku nakula. Moshi, na jumba ambalo ukuta wake wa mbele haukuwepo. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa na mtu ndani ya chombo kile.

Nilimuuliza mdogo wangu mara moja tu kuhusu makombora. Alisema, "Mimi nalinda joto." Sikurudia.

Alipenda zaidi kunieleza habari ya uzi. Nyambizi ikizama kina chake kikubwa, mabaharia hufunga uzi kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, wakaukaza. Kadiri wanavyoshuka, uzi unalegea, maana bahari inaubana mwili wa chombo na kuta zinasogeleana. Alinionyesha pale jikoni, kwa uzi wa kufungia vifurushi, ncha moja kwenye kabati na nyingine mkononi mwake, akipiga hatua ndogo kuja mbele mpaka uzi ukaning'inia tumboni. Yeye alicheka. Mimi niliubeba ule uzi kichwani kila siku kwenye basi la kwenda Hayes.

Safari ile ya fomu iliondoka mwanzoni mwa majira ya baridi. Hatukuambiwa inakwenda wapi wala itarudi lini. Tulichopewa ni ujumbe mmoja kwa wiki, maneno mia moja na ishirini, wa kwenda tu. Sisi tunaandika, wao hawajibu, kwa sababu nyambizi ikisema inajulikana ilipo. Kabla ya kupelekwa, ujumbe husomwa na ofisi ya nchi kavu. Ni lazima uwe kwa Kiingereza, usiwe na mafumbo, na usiwe na habari mbaya.

Ujumbe wa kwanza niliuandika na bibi akiwa kwenye simu. Bibi ni mtu wa zama za barua, na kwake barua isiyoanza vizuri haijaandikwa. Alinisomea mwanzo wake taratibu kana kwamba bado nachovya kalamu: sisi huku sote hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Niliutafsiri neno kwa neno, nikaongeza habari za mvua na za mzee wa bomba, nikatuma.

Baada ya siku mbili simu ikalia wakati wa chai ghalani. Alikuwa mwanamke wa ile ofisi, sauti yake tulivu, anauliza kama nyumbani kuna tatizo. Nilimuuliza kuna nini. Naye akaniuliza mimi kuna nini. Tulikwenda hivyo kwa muda, kila mmoja akimtia mwenzake hofu, mpaka akanisomea sentensi yangu: watu wote wazima, halafu hofu iko kwa baharia, halafu macho ambayo hayamfikii. Kwake yeye ilikuwa onyo, au mtu anayemtisha mtu.

Nilimweleza kwamba ni salamu. Nilimweleza kwamba kwetu barua huanza hivyo, hata ya mtu aliyekwenda mtaa wa pili, na kwamba bibi yangu hatakubali ianze vingine. Nikasikia anacheka pembeni ya simu.

"Nitaandika hapa kwamba ni salamu," alisema. "Iendelee."

Ikaendelea. Kila Jumapili asubuhi nilikaa na karatasi, bibi akiwa kwenye simu. Yeye ndiye aliyekuwa na habari. Mbuzi wa jirani kaingia jikoni. Paa limevuja, fundi kaahidi kuja, hajaja. Muulize kama anakula, maana picha ile ya mwisho shingo ilikuwa nyembamba. Nilimwambia bibi kwamba hatajibu. "Muulize tu," alisema. Nikauliza, wiki baada ya wiki, kwenye maneno mia moja na ishirini.

Wiki ya sita mjomba alipiga simu kutoka Tanga. Bibi ameanguka uani, upande mmoja wa mwili hausikii. Jumapili ile alikuwa hospitalini, na mjomba alimwekea simu sikioni. Alisema maneno machache ambayo sikuyaelewa. Niliandika kwamba sote hatujambo. Nilijitetea kwamba si uongo. Kwetu hata mtu aliye kitandani akiulizwa husema hajambo, kisha ndipo ataje kinachomuuma. Nilikuwa nimesema la kwanza, basi. La pili nimelibakiza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata bibi alifariki. Walimzika alasiri ileile. Nilisikia dua kwa simu, nimesimama nyuma ya ghala kati ya malori mawili, nimeziba sikio la pili kwa sababu ndege zilikuwa zinashuka.

Kesho yake niliipigia ile ofisi, kama tulivyoelekezwa. Alipokea mwanamke yuleyule. Alinipa pole, akaangalia fomu, akasema mdogo wangu amechagua kusubiri, kwa hiyo nahodha atamwambia safari ikiwa inaisha. Kisha akaniambia nisiache kuandika, maana ujumbe ukikatika nako ni habari.

Jumapili nikakaa mezani. Nafasi ya bibi kwenye karatasi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Mbuzi, paa, shingo nyembamba, vyote vilikuwa vyake. Nikiandika kwamba bibi anakusalimu, ni uongo. Nisipomtaja kabisa, mdogo wangu si mjinga, atajua. Nikampigia hodi mzee. Alikuja na miwani yake, akakaa kwenye kiti cha mdogo wangu, akasoma nilichoanza.

"Sote," alisema, kidole juu ya neno. "Nani na nani?"

Sote ilikuwa neno la bibi, na ndani yake alikuwamo. Tukiliacha hapo, tunasema uongo kila wiki mpaka mtoto arudi. Tukilitoa, tumemwambia msiba kwa njia ya mlango wa nyuma, na mbele ya vipimo vya kinu kutakuwa na mtu anayehesabu ni nani aliyetoka kwenye sentensi.

"Si fumbo?" nilimuuliza. "Wamekataza mafumbo."

"Fumbo ni kuongeza kitu," alisema mzee. "Wewe unaondoa."

Nililifuta. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Kilichobaki mzee alikijaza kwa mabomba na hali ya hewa, na neno moja nililibadilisha mara tatu kwa kuogopa kwamba linasikika la huzuni. Ofisi haikupiga simu. Ujumbe ulikwenda.

Wiki zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote ninazozikumbuka, na nimepita katika mbaya. Msiba angalau una watu. Huu wasiwasi ulikuwa wangu peke yangu. Kwenye basi niliona uzi ukilegea. Nilirudi maktaba na kusoma nisichopaswa kusoma, habari za nyambizi za nchi nyingine ambazo hazikurudi, mpaka mzee akanipokonya kitabu na kukirudisha mwenyewe. Kazini nilipanga maboksi ya Glasgow kwenye gari la Bristol, kosa ambalo sikulifanya hata mwaka aliofariki mama. Nilijiuliza kama neno moja linaweza kumtikisa mtu aliyekaa mbele ya moto ule. Kisha nikajiuliza upande wa pili: je, kama hakuliona kabisa, na sasa huko chini anacheka na kumhifadhia bibi hadithi?

Simu ilikuja majira ya kuchipua, kutoka bandarini Uskoti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala muda mrefu. Alisema nahodha alimwita siku mbili kabla ya kufika, akamfungia mlango, akampa chai. Alisema anakuja na treni ya asubuhi. Basi.

Nilimpokea stesheni ya Euston. Alikuwa amepauka, amepungua, na shingo ilikuwa kweli nyembamba. Nilimbebea begi mpaka Harrow. Jikoni nilimwekea chakula, akala chote, kisha akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa, jumbe zangu zote, na kuzipanga mezani kwa wiki. Akaweka kidole juu ya ule niliouandika Jumapili baada ya msiba.

"Hapa neno halikuwepo," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.

Nilikaa chini. Nilimwambia sikutaka kumdanganya, na sikutaka kumwambia, na sikujua la kufanya.

"Niliona siku ileile. Nilisoma mara tatu. Nikasema, kaka hakumaliza shule, Kiingereza chake hiki, kila siku anasahau maneno." Alifuta uso kwa mkono. "Nikasema hivyo kila siku. Kabla ya zamu nasema, kaka hakumaliza shule. Halafu nakwenda kazini."

"Uliamini?"

"Hapana," alisema. "Lakini ilinibeba."

Alilia hapo, kwa sauti, hata redio ya mzee ikazimwa upande wa pili wa ukuta. Nilimshika kichwa kama alipokuwa na miaka tisa. Nami nililia, na katikati ya kulia nikashikwa na kicheko, kwa sababu nilikumbuka namna nilivyomwahidi yule mwalimu kwamba nitarudi.

Fomu mpya ilikuja kabla ya mwisho wa kiangazi. Ukurasa uleule, swali lilelile chini. Safari hii alisita. Watu wa karibu sasa nilikuwa mimi tu, na kama nimekufa mimi, nani ataandika? Hata asipotaka kuambiwa, ukimya wa Jumapili ya kwanza utamwambia. Alizungusha kalamu muda mrefu. Kisha alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza, aambiwe hukohuko, na mahali pa mtu wa pili wa kuandika jumbe akaniuliza jina kamili la jirani.

Nilikwenda kumwomba mzee ruhusa. Alisema anakubali, lakini mtoto ajue kwamba habari zake ni za mabomba.

Ameondoka tena, wiki mbili sasa. Jumapili iliyopita nilikaa mezani peke yangu na karatasi. Nilianza kama bibi alivyonisomea, nikafika kwenye neno lile, nikasimama. Niliandika: mimi huku sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nikaisoma. Ilikuwa fupi, na haikuwa na uongo ndani yake. Kisha nikaandika kuhusu mvua, na nikamuuliza kama anakula.